Kantangaze Hakutumaliza

Ndugu zangu wakulima, natoa ushuhuda huu nyanya zikiwa shambani na deni likiwa limekwisha. Nimeamua kuutoa sasa kwa sababu msimu huu nimesikia tena watu wakisema wanauza mashine za maji waachane na nyanya kabisa, maana mdudu kantangaze amewashinda. Maneno hayo yalishasemwa nyumbani kwangu. Naujua uzito wake, na najua yanatoka kwa mtu aliyekwisha kulia. Ninamshukuru Mungu kwamba hayakuwa neno la mwisho kwetu, na ningependa kueleza kwa utaratibu kilichotuvusha, ili asikie aliye bado katikati ya mto.

Mimi ni wa Ilula, wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Anayesafiri kwenda Mbeya, akishamaliza kupanda Kitonga, lazima atuone: matenga ya nyanya kando ya lami, malori yanapakia, madalali wanahesabu. Mvua zikikatika, sisi tunashuka bondeni kwenye vinyungu, zile bustani zinazoshika unyevu kiangazi, na huko nyanya huzaa wakati kwingine ardhi imekauka. Nyanya ndiyo iliyojenga nyumba za matofali ya kuchoma unazoziona hapa. Imelipa ada, imelipa mahari, imezika watu wetu kwa heshima. Kwetu mtu akikuambia "mwaka huu sina nyanya", huna haja ya kumuuliza habari za nyumbani.

Kantangaze si mdudu wa kwetu. Asili yake ni Amerika Kusini, na wataalamu wamezoea kumwita Tuta absoluta. Mwaka 2006 alionekana Uhispania. Kutoka hapo akaenea nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, akapita Afrika Kaskazini, akateremka Sudan na Ethiopia, na mwaka 2014 akathibitishwa kuwapo Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2016 alifagia mashamba ya jimbo la Kaduna, Nigeria, hadi serikali ya jimbo ikatangaza hali ya dharura, na watu wa huko wakambatiza jina la Ebola ya nyanya. Huku nyanda za juu kusini hakukawia kutufikia.

Dalili ya kwanza tuliyoiona ilikuwa mabaka meupe kwenye majani, pale ambapo ngozi ya juu ya jani imeachana na ya chini. Ukiliinua jani juani, ndani ya baka unaona uchafu mweusi, na pembeni yake kiwavi mwembamba wa rangi ya maziwa au kijani anayejongea taratibu. Baada ya muda mfupi mabaka yanaungana, jani linakauka, na shamba zima linakuwa la kahawia. Tunda nalo halisalimiki. Kiwavi huingia karibu na kikonyo, tundu lake likiwa dogo kiasi kwamba mnunuzi asiye mzoefu halioni, kisha uozo unaingia nyuma yake. Lakini madalali si watu wasio wazoefu. Walikuwa wanafunua tenga, wanachukua nyanya ya katikati, wanaigeuza mara moja na kusema, "Mama, hii haifiki Dar." Tenga linarudi. Wengi tulimwaga nyanya zetu kando ya njia tulizopita kuzipeleka.

Tulipiga dawa. Kila mwenye bomba la mgongoni alipiga, na asiye nalo aliazima. Dawa ilipokosa nguvu tuliongeza ya jirani, na harufu yake ikawa inatufuata hadi jikoni. Vijana wa kibarua waliokuwa wakipiga dawa mashamba mengi kwa siku moja walianza kulalamika vichwa, macho na kutapika. Mdudu hakuyumba, na leo naelewa sababu. Kiwavi wa kantangaze anaishi katikati ya ngozi mbili za jani, na dawa inayobaki juu ya jani haimgusi. Tena huyu ni mdudu aliyetoka kwao akiwa amepigwa dawa miaka mingi, na vizazi vyake vimejenga usugu dhidi ya nyingi kati ya zile tulizokuwa tunazinunua. Waliokufa kwa wingi ni wengine: buibui, nyigu wadogo na viumbe wengine ambao kazi yao ni kuwala viwavi. Kwa hiyo kila bomba tulilomaliza lilimpunguzia kantangaze maadui zaidi kuliko lilivyompunguza yeye.

Nyumbani mambo yalibana. Mume wangu aliondoka kwenda Mufindi kutafuta vibarua kwenye chai, na mimi nikabaki na watoto na deni la VICOBA, benki yetu ya kijamii ya kijiji. Ng'ombe wetu wa maziwa aliuzwa. Binti yetu mkubwa alikuwa chuo cha uuguzi, akapiga simu kuuliza kama arudi nyumbani. Nilimwambia abaki, na baada ya kukata simu nilikaa chini nisijue nimemwambia hivyo kwa kutegemea nini. Kuna aibu ya aina yake katika kufilisika na kilimo. Shamba liko wazi, kila apitaye analiona, na kila apitaye ana ushauri.

Ndipo sisi wanawake wakulima wa kikundi kimoja tukaamua kujenga kitalu nyumba. Mbao Iringa si tatizo, na nailoni na neti tulinunua kwa mkopo. Aliyetuuzia alituhakikishia kwamba humo ndani mdudu hataingia. Tukapanda nyanya ndefu za kupanda juu ya kamba, zinazovunwa kwa miezi mingi, tukasema sasa tumempata pa kumfungia nje. Kwa kipindi fulani ilikuwa furaha tupu. Kisha mabaka meupe yakatokea humo humo ndani, na hayakuja peke yake. Inzi weupe walitua chini ya majani, wale ambao ukigusa mche wanaruka kwa pamoja, na ndio wanaosambaza virusi vinavyofanya majani kujikunja na kuwa njano. Baada yao, joto lilipozidi, majani yakaanza kupauka kwa vitone vidogo vidogo na utando mwembamba ukatanda kwenye ncha za miche. Huo ulikuwa utitiri mwekundu.

Ndani ya kitalu nyumba kuna joto, hakuna mvua ya kuosha majani, hakuna upepo, na maadui wa asili wa wadudu wamebaki nje. Mdudu akishapenya, huwezi kumtafutia mahali pazuri zaidi pa kuzaliana. Hatukulijua hilo wakati ule. Tulichojua ni kwamba tulikuwa na deni la pili.

Msaada ulikuja kwa umbo la binti mmoja, afisa ugani mgeni katika kata yetu, mdogo kuliko wengi wa watoto wetu. Alitusalimia kila mmoja shikamoo, akapita mstari kwa mstari bila kusema lolote, kisha akatuambia, "Mama zangu, leo naomba tusipige dawa. Leo tumsome." Baadhi yetu tulikasirika. Watu wana deni, wewe unaleta masomo? Lakini alikuwa mpole na hakuchoka. Akakata chupa kubwa za plastiki, akaweka udongo kidogo chini, akapanda humo vimiche vya nyanya, akatia vipepeo aliowakamata alfajiri, akafunga juu kwa kitambaa cha neti. Kila mama akapewa chupa yake apeleke nyumbani, na kila mmoja alitakiwa kuangalia asubuhi na jioni na kukumbuka alichokiona.

Sitaki kulitia chumvi jambo hili, lakini kwangu mimi wokovu wa shamba letu ulianzia kwenye chupa zile. Tuliona vipepeo wa rangi ya majivu, wadogo kama punje ya mchele, wakijibanza kimya mchana na kuanza kuruka giza linapoingia. Tuliona mayai madogo mno, ya rangi ya maziwa, yamewekwa zaidi kwenye majani machanga ya juu. Afisa alitueleza kwamba jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Baada ya siku chache viwavi walitoka na kutoboa jani hapo hapo wakaingia ndani. Walikula, wakakua, wakageuka rangi kidogo ya waridi, kisha wengi wao wakashuka na kujificha kwenye udongo wakiwa pupa. Baadaye vipepeo wapya wakatokea kwenye udongo ule. Mzunguko wote ulikuwa kama mwezi mmoja, na kwenye joto unakuwa mfupi zaidi. Ndiyo maana kwa mwaka anaweza kutoa vizazi kumi au kumi na viwili.

Tuliporudi kukutana, maswali yalikuwa yamebadilika. Hakuna aliyeuliza tena "dawa gani kali?" Mama mmoja aliuliza, "Kama pupa yuko kwenye udongo, kwa nini tunapiga majani tu?" Mwingine akauliza, "Na kama anaruka jioni, kwa nini milango tunaiacha wazi jioni tukimwagilia?" Afisa alicheka kwa furaha. Kuanzia siku ile tulipanga kazi kwa kufuata maisha ya mdudu mwenyewe.

Kipepeo tulimwekea mitego. Ile ya harufu huwa na kidonge cha mpira chenye harufu ya jike, na madume huifuata. Tulikitundika kwa waya juu ya beseni lenye maji na sabuni kidogo. Mtego huo unapunguza madume, lakini faida yake kubwa ni kukupa habari: ukiona wameanza kuongezeka kwenye beseni, unajua mayai yanakuja, na unajiandaa kabla majani hayajaonyesha kitu. Kwenye kitalu nyumba tuliziba kila tundu la neti, tukaweka mlango wa pili ili mmoja usifunguliwe kabla mwingine haujafungwa, na tukaacha kuingiza miche isiyokaguliwa. Ndani tulining'iniza vibao vya njano vyenye gundi kwa ajili ya inzi weupe.

Yai na kiwavi mchanga tuliwafuata kwa macho na vidole. Tulipita kwenye mistari tukikagua majani ya juu, na jani lenye baka tulilichuma na kulitia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ukaachwa juani hadi kila kilichomo kife. Halitupwi chini. Jani lililotupwa chini bado ni nyumba ya kiwavi.

Kwa kiwavi aliyebaki tulitumia mwarobaini, ambao ndugu zetu wa Dodoma wanao kwa wingi. Mbegu zake zilizotwangwa, nusu kilo kwa lita 10 za maji, zinalowekwa usiku mzima, zinachujwa, na kutiwa sabuni kidogo ili dawa hiyo ishike jani. Tunapuliza jioni, kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Dawa za dukani hatukuziacha zote, ila tulianza kuzisoma. Dawa mbili zenye majina tofauti kabisa zinaweza kuwa na kiambato kimoja, na ukizibadilisha unakuwa hujabadilisha kitu. Kwa hiyo tunaangalia kiambato na kundi lake, tunabadilisha kundi kwa kila kizazi cha mdudu, tunahakikisha dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na tunaheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zipo pia zile zitokanazo na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambazo humdhuru kiwavi anapokula na kuwaacha buibui na nyuki salama. Utitiri tulijifunza kwamba ana miguu minane na si mdudu hasa, ndiyo maana dawa nyingi za wadudu hazimwezi. Yeye anapenda ukavu na joto, basi tulipitisha hewa zaidi na kuosha chini ya majani kwa maji.

Pupa naye tulimfuata alipo. Baada ya mavuno tulilowesha udongo wa kitalu nyumba, tukaufunika kwa nailoni angavu wakati wa jua kali, tukaacha wiki kadhaa joto lifanye kazi yake. Kisha tukapanda maharage kwanza, nyanya baadaye. Huko vinyunguni tulipokezana na mahindi, vitunguu na kabichi, ambavyo havimfai kantangaze. Viazi mviringo, bilinganya na mnavu havikuhesabiwa, kwa sababu hivyo ni ndugu wa nyanya na mdudu anavila pia.

Ndugu zangu, kama ningeishia hapa ningekuwa nimewaficha nusu ya ushuhuda. Yote hayo tuliyafanya, na bado mabeseni yetu yalikuwa yanajaa. Tuliwakamata jana, leo wapo wengine. Afisa akatutembeza hadi nje ya mpaka wa shamba letu na kutuonyesha kinyungu cha jirani. Kilikuwa kimetelekezwa tangu nyanya zilipokauka. Miche imesimama mikavu, matunda yaliyooza yametapakaa, na kila ukitikisa shina, vipepeo wanaruka. Shamba lile lilikuwa linazalisha kantangaze kwa ajili ya bonde zima.

Mwenye shamba alikuwa mzee wetu anayeheshimika, miguu inamsumbua, wanawe wako Dar es Salaam. Wapo waliotaka tumshtaki kwa mtendaji wa kijiji. Mama mkubwa kuliko wote kikundini alikataa. Tulikwenda kwake asubuhi na majembe yetu, tukamsalimia kwa heshima, "Kamwene, baba." Aliyaona majembe, akadhani tumekuja kumlaumu. Akasema, "Wanangu, sikatai. Sina nguvu ya kung'oa." Mama yule akamjibu, "Baba, tumekuja kung'oa sisi." Tuling'oa kila mche, tukachimba shimo refu, tukafukia, tukashindilia. Mzee alikaa kwenye kigoda kando ya shamba akituelekeza mahali penye udongo laini wa kuchimba.

Baada ya siku hiyo jambo lilihama kutoka kikundi likawa la bonde. Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano. Tulikubaliana kwamba anayemaliza kuvuna anang'oa na kufukia mara moja, asiye na nguvu anasema anasaidiwa, na kwamba kuna kipindi bonde zima halitakuwa na nyanya wala jamaa zake, ili kipepeo atakayetoka ardhini asikute pa kutaga. Kusema kweli, kipindi hicho kiliuma. Mtu mwenye njaa kumwambia asipande ni jambo zito. Wenye mahindi waliwagawia wasio nayo, na VICOBA yetu ilikubali marejesho yasogezwe. Bila hayo mawili, makubaliano yale yasingedumu hata wiki moja.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nimeliona hilo likitendeka kwa mdudu mwingine. Kantangaze anaruka, hajui mpaka wa shamba. Mkulima mmoja, hata awe hodari vipi, hata awe na kitalu nyumba cha thamani gani, anazungukwa na hewa ile ile wanayopumua majirani zake.

Msimu uliofuata mabeseni hayakuwa matupu, ila waliomo walihesabika. Nyanya zilifika kwenye matenga, na matenga yakafika Dar. Hatukupata yote, wala hatujapata yote hadi leo; kila msimu kuna majani tunayachuma na matunda tunayatenga. Lakini tunavuna. Mume wangu alirudi kutoka Mufindi akakuta kazi inamsubiri. Binti yetu alimaliza chuo na sasa anahudumia wagonjwa kwenye zahanati, na miongoni mwa anaowaelimisha ni vijana wa kupiga dawa, kuhusu barakoa, glavu na kunawa. Deni la kitalu nyumba tulilimaliza pamoja, na mzee wetu alikuwapo siku tunasaini malipo ya mwisho.

Matumaini pia yanazidi kuongezeka nje ya bonde letu. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, walimleta kutoka Peru nyigu mdogo sana ambaye hutaga yai lake ndani ya kiwavi wa kantangaze na kumuua, na wamekuwa wakimtoa kwenye mashamba Afrika Mashariki. Hiyo ni habari njema, na ni sababu nyingine ya kupunguza dawa kali, kwa maana nyigu huyo hawezi kuishi kwenye shamba lililonyeshewa sumu.

Kwako wewe ambaye shamba lako limekauka leo: usione aibu, wala usiuze mashine. Hujalaaniwa na hujawa mvivu. Umevamiwa na adui aliyevuka bahari, na adui huyo ana maisha mafupi yanayojulikana hatua kwa hatua. Mtafute afisa ugani wa kata yako, umwombe akufundishe kumtambua akiwa yai, kiwavi, pupa na kipepeo. Na kabla hujakwenda duka la pembejeo kununua chupa nyingine, nenda kwa jirani mwenye shamba lililotelekezwa. Usimkaripie. Muulize ni nini kinachomshinda, kisha ng'oeni pamoja na mfukie pamoja. Ukiwa huku kwetu Ilula na huna wa kukusaidia, uliza wanawake wa kitalu nyumba. Tutakuja na majembe yetu.